Mkono wa Mtoto, Misimu Minne



Wengi wenu mmetuuliza swali moja: hawa watoto wadogo tunaokuja nao kwenye mkutano, tuwafanyie nini? Mama anakuja na mmoja mgongoni na mwingine ameshika leso. Mkutano ukianza huyu analia, yule anakimbilia jikoni kwenye moto, na mweka hazina anakosea kuhesabu pesa za mzunguko.

Leo tunataka kuwaeleza kazi moja isiyohitaji pesa. Ni kupiga alama za mikono ya watoto kwenye karatasi, mara nne kwa mwaka, kila msimu mara moja. Wengine watasema huo ni mchezo wa watoto wa mjini. Hata sisi tulidhani ni mchezo tu, ndiyo maana tulifanya kosa ambalo lazima tuanze nalo.

Alama ambayo hatukuiona

Miaka iliyopita tulianza kazi hii na kikundi kimoja cha akina mama upande wa Machakos. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, miaka minne, mchangamfu sana. Wakati wa mvua ndefu tulipiga alama za mikono yote miwili ya kila mtoto. Mkono wake wa kulia ulitokea vizuri, vidole vyote vitano. Wa kushoto ukaacha doa la mviringo tu. Tukasema, "Huyu ni mtundu, anacheza." Tukamwacha.

Wakati wa baridi, ikawa vile vile. Tukacheka tena.

Mwezi wa Novemba tulitundika karatasi zote ukutani, kila mtoto na zake tatu pamoja. Hapo ndipo nyanya mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake alisimama akauliza: "Na huyu, mbona mkono mmoja haufunguki?" Tulinyamaza. Karatasi tatu, madoa matatu. Mtoto hakuwa anacheza. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, na hakuweza kuvinyoosha mwenyewe.

Mama yake alishangaa. Alituambia kwamba tangu utotoni huyo mtoto hutumia mkono wa kulia peke yake, na yeye alikuwa akimsifu kwa adabu, kwa sababu kwetu kupokea kitu kwa mkono wa kushoto ni makosa. Basi sifa ikaficha shida. Alipopelekwa hospitali waliona ni mtindio wa ubongo, ule usio mkali, umeshika upande mmoja. Akaanzishiwa mazoezi. Hakupona, na hatutawadanganya. Lakini baadaye alishika kikombe kwa mikono miwili. Angeanza mazoezi mapema, yangemsaidia zaidi. Miezi ile tuliyopoteza kwa kucheka, ni sisi tuliipoteza.

Kwa nini mkono?

Mtoto wa miaka mitatu hushika kijiti kwa ngumi. Kushika penseli kwa vidole vitatu huja polepole, kwa wengi kati ya miaka minne na sita. Kabla ya hapo mkono unahitaji kukanda, kubana, kusukuma na kufunguka. Wazazi wengine wanataka mtoto aandike "a, e, i" kabla mkono haujakomaa, na akishindwa anachapwa. Huko ni kumwonea.

Wengine husema, "Tangu 2013 nasari za umma ziko chini ya kaunti, mwalimu yupo, sisi ya nini?" Ndiyo, mwalimu yupo. Lakini ana watoto wengi, na walio chini ya miaka minne mara nyingi bado wako nyumbani. Ni nani atawaangalia mikono kama si ninyi?

Rangi ya nyumbani

Msinunue rangi. Fanyeni hivi:

1. Chukueni vijiko viwili vya mezani vya unga wa ngano au wa muhogo. Koroga kwa maji baridi kidogo, kisha ongeza maji mpaka yafike kikombe kimoja. Pika huku ukikoroga mpaka uwe kama uji mzito. Wacha upoe kabisa.
2. Rangi nyekundu ni udongo mwekundu. Usichote karibu na choo wala boma la ng'ombe. Ukaange kwanza juu ya bati mpaka uwe moto sana, maana udongo mbichi una mayai ya minyoo na mtoto hulamba vidole. Ukipoa, utwange na kuuchuja kwa kitambaa.
3. Rangi nyeusi ni makaa yaliyosagwa. Rangi ya manjano ni bizari. Kijani ni majani ya mchicha yaliyotwangwa na kukamuliwa.
4. Changanya na ule uji. Ukibaki, mwaga kesho yake, maana unaoza.

Kama ni mwaka wa njaa, hakuna haja ya kugusa unga wa kula. Roweka ukoko wa sufuria ya ugali usiku mmoja, uponde, tayari mna gundi. Mama mmoja alitukemea vikali, "Mnachezea unga na kuna nyumba hazijapika!" Alikuwa na haki, na yeye ndiye aliyetufundisha habari ya ukoko.

Karatasi? Fungueni pakiti ya unga ya kilo mbili iliyokwisha: upande wa ndani hauna maandishi. Kalenda ya mwaka jana pia ni nzuri kwa upande wa nyuma.

Onyo. Msitumie kamwe unga mweusi wa ndani ya betri za tochi, ingawa wengi wetu tuliona ukipakwa ubao shuleni. Ni sumu. Msitumie pia rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango. Rangi nyingine ina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto, na kuitoa mkononi kwa mafuta ya taa kunachoma ngozi.

Msimu kwa msimu

*Jua kali, Januari na Februari.* Maembe yameiva. Mtoto akunje ngumi, achovye ule upande wa kidole cha mwisho kwenye rangi ya manjano, akandamize. Hilo ni embe. Vidole viguse udongo mwekundu kidogo kwa upande ulioiva. Halafu apige alama ya mkono uliofunguka pembeni, ili pia mwone kama ngumi inafunguka.

*Mvua ndefu, Machi hadi Mei.* Tazameni jani la muhogo: lina vidole kama mkono. Mtoto apake kijani, afungue vidole, akandamize. Mikono miwili, majani mawili, na mama achore shina katikati. Wakati huu pia kuna tope, na mkono unaweza kupigwa chini uwanjani bila karatasi. Mnawe kwa sabuni mkimaliza.

*Baridi, Juni hadi Agosti.* Tumieni maji ya vuguvugu, mkono wenye baridi haufunguki vizuri. Rangi ni ya makaa. Kidole gumba ni shingo na kichwa cha ndege, vidole vinne ni mkia. Ikikauka, mtoto achovye ncha ya kidole kwenye uji mweupe na kutia madoa. Ndege gani huyo? Watoto watapiga kelele wenyewe: kanga! Hayo madoa madogo ndiyo mazoezi ya penseli.

*Mvua fupi, Oktoba hadi Desemba.* Kumbikumbi wanatoka. Kumbikumbi ana mabawa manne. Alama ya kidole gumba ni mwili, na alama nne za kidole cha shahada ni mabawa. Hapo mtoto anahesabu mpaka nne bila kuchapwa. Halafu apige mikono yote miwili, gumba kwa gumba: hicho ni kipepeo.

Kila karatasi iandikwe jina la mtoto, tarehe, na mkono gani ni wa kulia. Zitunzwe kwenye bahasha moja, mahali pasipo na jua, maana rangi ya bizari hufifia upesi.

Mambo ya kuangalia

Mwisho wa mwaka mtatandika karatasi nne pamoja. Wazazi hufurahi kuona mkono umekua. Lakini alama ya mkono si mizani. Uzito wa mtoto hupimwa kliniki na kuandikwa kwenye kijitabu chake. Kazi yenu ni kuuliza haya:

- Je, mikono yote miwili inafunguka, au mmoja huacha doa tu kila msimu?
- Je, mtoto hukataa kabisa kutumia mkono mmoja?
- Je, anaposema kitu kimemwuma mkononi, tunamsikiliza au tunamwita mvivu?

Mtoto anayependelea mkono wa kushoto lakini anatumia yote miwili hana ugonjwa. Asichapwe wala asifungwe mkono. Anayetupa wasiwasi ni yule ambaye mkono mmoja haufanyi kazi. Na mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja kwa kawaida hutumia mikono yote. Akichagua mmoja tu mapema hivyo, apelekwe kliniki, hata kama ni ule wa kulia.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, kuna pia vituo vya kupima watoto wenye ulemavu ambavyo Wizara ya Elimu ilianzisha kuanzia mwaka 1984. Ulizeni kwenye ofisi ya elimu iliyo karibu nanyi. Msimwachie mama aende peke yake. Mwanakikundi mmoja amsindikize, na kikundi kichange nauli. Aibu ndiyo inayofungia watoto ndani ya nyumba, na aibu hupungua watu wakiwa wawili.

Zile karatasi tatu tumezihifadhi. Tunapofundisha kikundi kipya, tunazionyesha kabla ya kuonyesha kanga na kipepeo.

Maswali ya kuzungumzia kwenye mkutano

1. Katika kijiji chetu, kuna mtoto ambaye hatujamwona nje kwa muda mrefu? Nani atamtembelea wiki hii?
2. Nani atakaanga udongo, na nani atakusanya pakiti za unga?
3. Ni adabu gani tunazowafundisha watoto ambazo huenda zinatuficha shida zao?