Kutoka N'djili mpaka Bangoka: Saa Moja Ilipotea Wapi?

Sisi wa Masako ndege za Kinshasa tunazizungumza kila siku, na kila mtu anajifanya anajua safari ile. Mimi vilevile, mpaka siku moja tulipolia bure.

Mwaka jana dada yangu alikuwa anatoka Kinshasa na dawa za mama. Alipiga simu: ndege inaondoka saa 10.00 (nahesabu saa kama katika tiketi). Tulijua ndege inakawia angani karibu saa mbili, basi tukaenda Bangoka kumngoja saa 12.00. Saa 12.00 ikafika, ndege hakuna. Saa 12.30, hakuna. Mvua ilikuwa inakuja. Mama akaanza kulia, kwa maana hapa Kisangani watu hawasahau tarehe 8 Julai 2011, wakati Boeing 727 iliyotoka Kinshasa ilianguka karibu na Bangoka katika mvua kali. Saa 12.50 ndege ikatua. Dada akashuka, akashangaa: «Munalia nini? Tumefika kwa wakati!»

Na kweli walifika kwa wakati. Wenye kosa tulikuwa sisi.

Tuangalie njia kwanza. Kwa mto, toka Kisangani mpaka Kinshasa ni kilometa 1.734, kwa sababu mto Kongo hauendi moja kwa moja: unapanda kaskazini mpaka Bumba, ndipo unazunguka na kuteremka kusini. Aliyesafiri na balenyeri anajua majuma aliyoyaacha pale. Ndege inakata ule upinde wote, inapita kilometa 1.225 hivi. Ikiwa na mwendo wa kilometa 800 kwa saa, hesabu inatoa saa moja na dakika 32. Lakini ndege haina mwendo huo toka mwanzo. Lazima ipande, kisha ishuke polepole, na zamani nyingine ingoje mvua ipite. Kwa hiyo hesabuni saa 1 na dakika 50. Ndege ya helisi inakawia zaidi.

Sasa ile saa iliyopotea. Dunia inazunguka degre 15 katika saa moja. Kinshasa iko karibu degre 15 mashariki, Kisangani degre 25. Tofauti ni degre 10, maana yake jua linafika kwetu dakika 40 mbele yao. Lakini montre haifuati jua la kila mji, ingekuwa fujo. Nchi yetu ina saa mbili tu, ya mangaribi na ya mashariki. Kinshasa inafuata saa ya degre 15, sisi tunafuata ile ya degre 30, ambayo inapita karibu na Bunia, mbali na hapa! Ndiyo sababu kwetu montre inatangulia ya Kinshasa saa moja kamili.

Basi dada alipotaja saa 10.00, hapa ilikuwa 11.00. Ongeza saa 1 na dakika 50: 12.50. Hakuna aliyechelewa. Simu hubadili saa yenyewe mtu akishuka, lakini haimwambii anayengoja.

Dada anarudi Kinshasa mwezi ujao. Tiketi inasema 13.00. Mama ameniomba nimwandikie katika karatasi saa ya kufika, ya kule na ya hapa. Nimeandika: 13.50 kwao, 14.50 kwetu.