Wanafunzi wa Digrii za Juu na Upashanaji wa Habari katika Milima ya Upare

Idara ya chuo kikuu inayofundisha upashanaji wa habari hupimwa aghalabu kwa hesabu: wanafunzi wangapi wamepata digrii ya pili, wangapi ya tatu, nani katunukiwa nini, nani kapata kazi wapi. Hesabu hizo si za kudharauliwa, lakini hazijibu swali lililo kubwa zaidi, nalo ni kama uchunguzi wa wanafunzi hao umeongeza maarifa juu ya watu waliochunguzwa, na kama maarifa hayo yamewarudia wenyewe. Mahali pafaapo kulipimia swali hili ni Gonja, katika wilaya ya Same.

Gonja iko upande wa mashariki wa Upare ya Kusini. Sehemu yake ya chini, ambayo ndiyo Maore, imo katika tambarare inayotazamana na nyika ya Mkomazi. Vijiji vyake vya juu vimepanda mlimani. Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilipita chini ya milima hiyo, na Gonja ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Nguo, shanga, uvumi wa vita na maneno ya Kiswahili vilifika pamoja katika mizigo ile ile. Kisha Wadachi wakaleta reli kutoka Tanga. Reli hiyo, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilishika upande wa pili wa milima, ikapita Hedaru, Makanya na Same. Hivyo Gonja, iliyokuwa njiani, ikajikuta nyuma ya mlima. Mtu atakaye kuijua historia ya upashanaji wa habari katika nchi hizi haimpasi kuanza na magazeti wala redio. Na aanze na njia.

Katika Tanzania masomo ya habari yamechelewa kuingia chuo kikuu. Chuo cha Uandishi wa Habari kilichoanzishwa mwaka 1975 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003 tu. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa digrii za juu waliochunguza namna neno lilivyosafiri katika Upare, kwa muda mrefu, hawakuwa wa idara ya habari. Walikuwa wa historia, wa siasa, wa elimu ya mila na wa lugha. Yafaa kuzitazama kazi zao kama mali ya taaluma ya habari, hata kama wao wenyewe hawakuziita hivyo.

Wa kwanza kutajwa hana budi kuwa marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliyepata digrii ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967. Tasnifu yake juu ya historia ya utawala wa Wapare ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1969 na East African Publishing House ya Nairobi. Wakati ule wanavyuoni wengi walishikilia kwamba watu wasio na maandishi hawana historia iwezayo kuthibitishwa. Kimambo alikwenda kwa wazee, ukoo kwa ukoo, akayasikiliza masimulizi yao na kuyalinganisha: yaliyosemwa na ukoo uliotawala, yaliyosemwa na ukoo uliopokonywa utawala, na yaliyosemwa na majirani wasiokuwa na haja ya kumpendelea yeyote. Penye kukubaliana palimpa msingi, na penye kutofautiana palimpa swali. Alionyesha jinsi Wasuya wa Ugweno walivyowaondoa Washana, waliokuwa wahunzi, na kuujenga ufalme wenye mabaraza na wenye mafunzo ya vijana msituni, yaitwayo mshitu.

Kwa upande wa habari, jambo hilo lina uzito usioonekana upesi. Baraza ni mahali ambapo neno la mtawala hushuka na neno la raia hupanda. Mshitu ni shule ambayo kijana hufundishwa humo ayapaswayo kuyajua na ayapaswayo kuyanyamazia. Kaskazini mambo hayo yaliunganishwa chini ya ufalme mmoja. Kusini, ambako Gonja imo, hapakuwa na ufalme wa namna hiyo. Palikuwa na nchi ndogo ndogo, kila moja na mkuu wake. Neno lililotaka kutoka Mbaga kufika Gonja halikuwa na njia ya kifalme ya kupitia. Lilipita kwa ndugu, kwa mashemeji, kwa wafanya biashara, na kwa wale walioendea mvua kwa mafundi wake. Je, neno lipitalo kwa shemeji husafiri polepole kuliko lipitalo kwa tarishi wa mfalme? Wengi wangejibu upesi kwamba ndivyo, lakini mambo yaliyotukia baadaye yanashuhudia kinyume.

Mambo hayo ni ya Mbiru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watawala wa Upare, kwa shauri la serikali ya kikoloni, walileta kodi ya kutozwa kila mtu kwa kadiri ya mali yake, wakaipa jina la mbiru, lililokuwa jina la ushuru wa zamani. Watu wakaikataa. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani, kaskazini na kusini, wakakusanyika Same penye boma la wilaya, wakakaa huko miezi. Hatimaye kodi ikaondolewa. Kimambo aliandika habari hizo katika kijitabu kilichotolewa mwaka 1971, na humo msomaji ataona kwamba waliokusanyika hawakuwa kundi lililochokozwa na wachache, kama maofisa wengine walivyopenda kudhani. Walikuwa watu waliopelekeana habari, wakaagana siku, wakashirikiana chakula, wakaandika madai yao na kuyapeleka mbele. Nchi zisizokuwa na mfalme mmoja ziliweza kusema neno moja kwa siku moja. Haielekei kwamba njia za ndugu na mashemeji zilikuwa dhaifu.

Kutoka chuo hicho hicho cha Northwestern walikuja baadaye wanafunzi wawili, mume na mke. William O'Barr alipata udaktari wa elimu ya mila mwaka 1969, na Jean O'Barr udaktari wa siasa mwaka 1970. Wote wawili walifanya uchunguzi Usangi, Upare ya Kaskazini. Mke alichunguza wajumbe wa nyumba kumi za TANU, mpango ulioanza katikati ya miaka ya 1960. Mjumbe alikuwa mdomo wa chama kwa watu na sikio la chama kutoka kwao; tena alikuwa mwamuzi wa ugomvi wa mipaka, wa mbuzi na wa ndoa. Mwaka 1974 alihariri pamoja na Joel Samoff kitabu juu ya wajumbe hao katika Tanzania. Mume naye alitazama lugha. Makala yake ya mwaka 1971 juu ya kijiji chenye lugha nyingi hueleza watu wenye Chasu na Kiswahili, na jinsi wanavyochagua ipi waseme, na nani, na wapi. Uchunguzi wake wa baadaye juu ya serikali za mitaa ulionyesha kuwa kanuni inayosema Kiswahili ndicho cha kazi za umma haiyazuii mazungumzo ya baraza yasirejee lugha ya nyumbani. Yaliyomshughulisha kijijini aliyafuata mpaka katika mahakama za Marekani: kitabu chake juu ya usemi wa mashahidi na nguvu zake, cha mwaka 1982, kimekuwa maarufu miongoni mwa wachunguzi wa lugha na sheria.

Katika lugha yenyewe, Derek Nurse alipata udaktari wake Dar es Salaam mwaka 1977 kwa kuzipanga lahaja za Kichaga, na humo alionyesha kuwa Kigweno kina undugu na Kichaga, si na Chasu, ingawa wasemao lugha hizi mbili wanaishi pamoja mlima mmoja. Abel Mreta aliichunguza Chasu kwa undani zaidi, akaitolea kitabu juu ya nyakati za vitenzi mwaka 1998.

Kazi hizi ni nzuri, na baadhi ni kubwa. Lakini zikitazamwa kutoka Gonja zina kasoro mbili. Kwanza, wachunguzi wa mabaraza, wa wajumbe na wa matumizi ya lugha walikaa Kaskazini, kwenye historia ya ufalme. Desturi za Kusini haifai kuzikisia kutokana na za Usangi. Pili, karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee aliyetoa masimulizi kwa Chasu, yakafasiriwa, yakachapwa Nairobi au Marekani, hawezi kufungua kitabu akaona kama maneno yake yamekaa sawa. Huku ndiko kupashana habari kwa upande mmoja, na ni ajabu kidogo kwamba taaluma inayofundisha hatari ya jambo hilo hulitenda yenyewe. Kitabu kimoja kinaepuka lawama hiyo: kamusi ya Mreta ya Chasu, Kiingereza na Kiswahili, iliyotolewa mwaka 2008 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hiyo aweza kuifungua mwalimu wa Maore, na akiona neno limekosewa aweza kusema.

Ipo pia kazi inayomngoja mwanafunzi wa habari hasa. Baada ya mpango wa kufundisha watu wazima kusoma, ulioanza Upare mwishoni mwa miaka ya 1940, palikuwa na gazeti la wilaya kwa Kiswahili, jina lake Habari za Upare, katika miaka ya 1950. Jinsi gazeti la namna hiyo linavyoweza kuzungumza, Emma Hunter ameonyesha kwa Kilimanjaro, katika tasnifu yake ya Cambridge ya mwaka 2008 na kitabu chake cha 2015, akitumia Komkya, gazeti la Wachaga, na mengineyo. Kwa Upare swali ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: gazeti lilipofika Gonja, nyuma ya mlima, nani alilisoma kwa sauti, nani alisikiliza, na waliosikiliza walibishana juu ya lipi? Makaratasi hayatoshi kulijibu. Lazima aulizwe aliyekuwapo. Kijana aliyekuwa na miaka 15 alipomfuata baba yake Same katika Mbiru ya 1945 sasa amepita miaka 90.