Yadi ya Kuvunja Magari Ikija Kijijini: Ulizeni Kabla Haijapitishwa



Wakati mmoja nilipita mbele ya shamba moja kando ya barabara ya lami, nikaona karatasi imebandikwa kwenye ubao. Nilikuwa na haraka, nikapita. Siku ya pili nikapita tena. Akina mama wa kikundi cha jirani nao walikuwa wameiona, wakadhani ni tangazo la kuuza shamba. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo ndogo. Tulipokuja kuelewa kwamba ni ombi la kubadilisha matumizi ya shamba hilo liwe eneo la viwanda vya kuvunja magari makuukuu, tulikusanyana haraka, tukaandika barua, tukaipeleka ofisini. Karani alitupokea vizuri, akatutafutia hata viti, kisha akatuambia muda wa kutoa maoni ulikwisha juma lililopita.

Tangu siku ile mimi husoma kila karatasi iliyobandikwa ubaoni. Na kwa sababu vikundi kadhaa vimeuliza habari ya maeneo kama haya, nimeona tueleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Kwanza, tusikatae kabla ya kuelewa. Magari mengi yanayokuja Kenya huja yakiwa yametumika ng'ambo, na sheria inakubali yale ambayo hayajapita miaka minane. Yakifika hapa hutembea miaka mingine kumi, ishirini, hata thelathini, halafu hufia hapa. Angalieni tu nyuma ya gereji zenu na nyuma ya kituo cha polisi. Karibu thuluthi mbili ya uzito wa gari ni chuma na madini ya jamii yake, na hicho chuma kinaweza kuyeyushwa kikatengeneza kitu kingine. Kuna shaba kwenye nyaya, kuna alumini kwenye injini, na kile chombo kilicho kwenye bomba la moshi kina madini ghali kama platinamu. Vijana wetu wa jua kali wanaijua kazi hii tangu zamani. Nendeni Grogan au Kariobangi kule Nairobi muone. Kwa hivyo mtu akisema ataleta kazi, huenda anasema kweli.

Lakini gari si chuma peke yake. Ndani yake kuna oili ya injini na ya gia, kuna petroli au dizeli iliyobaki, kuna mafuta ya breki. Kuna maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa yenye ladha tamu. Hiyo ni sumu, na mbwa au ndama akiyakuta yamemwagika atayalamba kwa furaha. Kuna gesi ya kipoza hewa, ambayo ikiachiliwa hewani huzidisha joto la dunia mara elfu moja na zaidi kuliko moshi wa kawaida wa uzito ule ule. Mifuko ya hewa ya kumkinga dereva ina baruti ndogo ndani, na fundi asiyejua anaweza kuumia akiigonga. Tairi zikirundikwa hushika maji ya mvua na kufuga mbu. Zikichomwa, moshi wake mweusi mnaujua.

Halafu kuna betri. Hapa nataka tukae kidogo.

Betri ya kawaida ya gari ina uzito wa kilo 12 hadi 20, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni madini yanayoitwa risasi. Sehemu nyingine ni asidi kali. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, kwa hivyo hata jiko la makaa linatosha, na ndiyo sababu watu huiyeyusha nyuma ya nyumba kutengeneza vizito vya nyavu au kuuza vipande. Vumbi lake na moshi wake haviwashi wala havinuki sana. Huingia mwilini polepole kwa kupumua na kwa kula, na mwili wa mtoto hushika risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Huharibu ubongo wa mtoto, na kilichoharibika hakirudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Si mambo ya kusoma vitabuni tu. Huko Mombasa kuna kijiji cha Owino Uhuru, chenye watu wapatao 3,000. Kati ya 2007 na 2014 palikuwa na kiwanda ukutani kabisa kwa nyumba za watu, kikiyeyusha betri kuukuu za magari kupata risasi. Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri dada mmoja, Phyllis Omido, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimamia taarifa ya athari za mazingira. Angalieni hapo: kiwanda kilikuwa tayari kinafanya kazi, ndipo taarifa inatafutwa! Wataalamu waliona hatari, akashauri kiwanda kihamishwe, akaondolewa kwenye kazi hiyo akapewa nyingine. Baadaye mtoto wake mchanga akaugua, akapimwa, akakutwa na risasi kwenye damu. Alianza kupiga kelele pamoja na wanakijiji, na kiwanda kikafungwa 2014.

Kesi ndiyo iliyochukua miaka. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na sehemu kubwa kuliko zote ya lawama, asilimia 40, ikawekwa juu ya NEMA, yaani ile mamlaka ya serikali ya kulinda mazingira. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaondoa malipo hayo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Hesabuni wenyewe: kutoka kiwanda kufunguliwa hadi uamuzi wa mwisho ni miaka kama 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka kilipofunguliwa alikuwa karibu kuchukua kitambulisho. Pesa hizo, hata zikilipwa zote, haziwezi kumrudishia akili yake.

Basi mahali pa kusemea ni kabla. Na sheria yetu imeacha milango miwili ya kusemea, ambayo watu wengi huichanganya.

Mlango wa kwanza ni wa kaunti. Kufuatana na sheria ya upangaji na matumizi ya ardhi ya 2019, hakuna mtu anayeweza kuanza ujenzi au kubadilisha matumizi ya shamba bila ruhusa ya waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Mwenye kuomba lazima awatangazie wananchi na kuwaalika wapeleke pingamizi zao. Hapo swali ni la mahali: je, shamba hili lafaa kuwa la viwanda, barabara inaweza kubeba malori, mto uko wapi, shule iko wapi? Waziri anaweza kukataa, kukubali, au kukubali kwa masharti. Kuna jambo moja katika sheria hiyo ambalo limewashangaza wengi niliowaeleza: mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, huhesabiwa amepewa ruhusa. Kwa hivyo msitulie mkisema ati faili imelala ofisini. Kulala kwake ndiko kupita kwake.

Asiyeridhika na uamuzi, mwombaji au mwananchi anayeguswa, ana siku 14 za kukata rufani kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia mizozo ya upangaji. Kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mlango wa pili ni wa NEMA. Huu hauangalii mahali tu, unaangalia kazi yenyewe: sumu zipi, maji machafu yataenda wapi, hewa itakuwaje. Mwombaji huleta mtaalamu wa kuchunguza athari, na kwa miradi mikubwa anatakiwa kubandika matangazo karibu na mahali penyewe, kutangaza gazetini na redioni, na kuitisha mikutano na wale watakaoguswa, isiyopungua mitatu. Mkutano huo huwa na karatasi ya kutia sahihi. Jamani, karatasi hiyo isomeni juu kabla ya kutia sahihi! Nimeona karatasi ya mahudhurio ikipelekwa kama ushahidi kwamba wananchi wamekubali. Hakuna kosa kuandika kando ya jina lako: "Nimehudhuria, sijakubali." NEMA ikitoa leseni na hamkuridhika, mna siku 60 za kwenda kwa jopo la kitaifa la mizozo ya mazingira, na mwombe hapo hapo kazi isimamishwe hadi kesi isikizwe, kwa maana haisimami yenyewe.

Ruhusa ya mlango mmoja haifungui wa pili. Mwekezaji akija kwenye baraza la chifu akipunga karatasi moja, mwulizeni ya pili. Hata Uingereza ni hivyo hivyo: halmashauri ya mji hutoa ruhusa ya ujenzi, na idara ya mazingira hutoa kibali chake mbali, na gari lililofika mwisho sharti livunjwe mahali penye kibali. Sheria ya nchi za Ulaya ya mwaka 2000 inataka betri itolewe na oili na maji yote yamwagwe katika vyombo kwanza, juu ya sakafu isiyopitisha kitu, ndipo gari lianze kukatwa.

Sasa, mkipata nafasi ya kusema, mseme nini? Barua nyingi nilizoziona husema "hatutaki" kisha zinalalamika mistari mitatu. Hiyo ni haki yenu. Lakini ofisa akiamua kukubali, barua ya namna hiyo haimpi kitu cha kuandika kwenye masharti. Mimi nashauri muandike yote mawili: sababu za kukataa, na kisha, kama itapitishwa, masharti mnayotaka yaandikwe ndani ya ruhusa yenyewe. Ahadi ya mdomo ya mwekezaji mbele ya MCA na soda haimfungi mtu.

Ombeni sakafu ya saruji na paa mahali pa kumwagia oili, na mtaro wenye shimo la kunasa oili kabla maji hayajatoka nje. Ombeni betri zikae chini ya paa katika vyombo visivyoliwa na asidi, zisipasuliwe hapo, na zipelekwe kwa mwenye leseni. Kuyeyusha risasi, kuchoma tairi na kuchoma nyaya kupata shaba kukatazwe kwa maneno yaliyo wazi. Itajwe idadi ya magari yanayoweza kuwekwa kwa wakati mmoja, la sivyo yadi ya magari 200 itakuwa ya 2,000 na kufika barabarani. Itajwe saa za kazi, kwa sababu mashine ya kukandamiza magari ina kelele. Wafanyakazi wapewe mahali pa kuoga na kubadilisha nguo, kwa maana vumbi la risasi husafiri nyumbani kwenye ovaroli na kumfikia mtoto anayembeba baba. Na kwa kuwa eneo lenyewe litakuwa na kampuni nyingi, ulizeni kama kila moja itachukua leseni yake au zote zitajificha chini ya ile ya mwenye shamba.

Sharti moja watu hulisahau, nalo laweza kuwa ndilo la maana kuliko yote. Ombeni maji ya visima na ya mto, na udongo wa shule iliyo karibu, vipimwe kabla yadi haijafunguliwa, kisha kila mwaka, na majibu yasomwe barazani. Bila kipimo cha kwanza, siku risasi ikionekana kwenye kisima mwenye yadi atasema ilikuwako tangu zamani, na nyinyi hamtakuwa na la kumjibu. Sheria tayari inamtaka mwenye leseni afanyiwe ukaguzi wa mazingira kila mwaka. Nyinyi mnaongeza tu kwamba majibu yawafikie. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda kortini juu ya mazingira bila kuonyesha kwamba ameumia kwanza.

Msiogope ati hamna wakili. Barua ya kikundi inatosha kuanzia. Iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, itaje namba ya ploti kama ilivyo kwenye tangazo, itaje nyumba ngapi zatumia mto huo na kisima hicho, ng'ombe wangapi, shule iko hatua ngapi. Hesabu hizo hakuna mtaalamu wa Nairobi anayezijua kuwashinda. Ambatisheni muhtasari wa mkutano wenu na majina, sahihi na namba za vitambulisho. Pelekeni barua moja kwa waziri wa kaunti, moja NEMA ofisi ya kaunti, na nakala kwa MCA na kwa chifu.

Na mwende watu wawili au watatu, si mmoja. Karani akipokea barua, mwambieni agonge muhuri kwenye nakala yenu pia na aandike tarehe. Nakala hiyo isikae kwa mwenyekiti nyumbani. Ikae kwenye faili ya kikundi, kwa katibu, mahali ambapo mvua na panya haviifikii.