Hifadhidata kubwa kuliko zote, na kwa nini iliachwa

Ndugu zetu wanaoishi Geneva wanaijua tramu namba 18, ile inayoishia CERN, maabara ya fizikia ya chembe. Chini ya ardhi pale, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna mviringo wa kilomita 27 ambamo protoni hugonganishwa. Vifurushi vya protoni hupishana mara milioni 40 kwa sekunde. Karibu matukio yote ya migongano hiyo hutupwa papo hapo, yakabaki elfu chache tu kwa sekunde. Hayo machache ndiyo yanayojaza maghala.

Yahifadhiwe wapi? CERN ililiuliza swali hilo mapema, mwaka 1995, kupitia mradi wa RD45. Fasheni ya wakati ule ilikuwa hifadhidata inayolitunza kila tukio pamoja na viungo vyake vyote, ikatawanywa kwenye seva nyingi, lakini mtumiaji akaiona ni moja. Ikachaguliwa Objectivity/DB, bidhaa ya kampuni ya Marekani. Kule California, jaribio la BaBar katika maabara ya SLAC liliitumia hasa: Aprili 2002 ilifika terabaiti 500, ikatangazwa kuwa kubwa kuliko zote duniani.

Haikudumu. Hifadhidata hufunga rekodi ili watu wawili wasiibadilishe kwa wakati mmoja. Benki haiwezi kuishi bila hilo. Mgongano wa chembe, ukishaandikwa, habadilishi mtu kitu. Husomwa tu, tena na maelfu ya programu kwa pamoja. Kufuli zote zile zilikuwa mzigo wa bure. Halafu soko la hifadhidata za aina hiyo halikukua, na nani angekubali data ya miaka 30 iishi kwa leseni ya kampuni moja? Mwaka 2003 CERN ikahamisha kutoka Objectivity/DB takriban terabaiti 300 za COMPASS, mojawapo ya majaribio yake.

Matukio ya majaribio makubwa yakarudi kwenye mafaili ya kawaida, ya mfumo wa ROOT ulioanzishwa na René Brun na Fons Rademakers. Hifadhidata ikapewa ukarani: faili lipi liko wapi, na mitambo ilikuwa na hali gani siku ile. Programu ya Rucio, iliyozaliwa katika jaribio la ATLAS, husimamia mengi ya mafaili hayo katika vituo vilivyotapakaa duniani. Nakala za kudumu ziko kwenye tepu za sumaku, zinazochukuliwa na roboti. Tepu iliyo rafuni haili umeme.

Tangu 2014 sehemu ya data hizo iko wazi kwa yeyote, kwenye opendata.cern.ch. Mwenye kijana anayesoma fizikia, awe Mbeya au Minnesota, amwelekeze huko.