Bendi Ipimwe Kabla ya Kupanda Jukwaani

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangalikuwa hai katika zama hizi za intaneti, huenda wangaliitazama upya methali hiyo, kwani siku hizi chema na kibaya vyote hujitembeza, tena kwa mbwembwe zile zile. Bendi changa ialikwapo katika tamasha la muziki, vijana wetu huwa wamekwisha kupokea hukumu kabla ya kusikiliza hata wimbo mmoja. Hukumu yenyewe ni idadi ya watu waliotazama video. Wanafunzi wangu hunijia wakiuliza, "Mwalimu, bendi hii inafaa?" Nami huwauliza, "Mmeisikiliza?" Aghalabu jibu huwa ni kimya.

Naandika haya kwa sababu naamini kwamba mwanafunzi wa shule ya upili anazo tayari zana za kuipima bendi. Katika somo la fasihi simulizi hufundishwa kuuchambua wimbo: kiitikio chake, takriri, mapigo na lugha yake. Isitoshe, Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake inarudi nyuma hadi mwaka 1927, limewazoesha watoto wetu kusimama mbele ya waamuzi na kuelezwa bayana walipofaulu na walipoteleza. Ajabu ni kwamba zana hizi huachwa darasani pamoja na chaki. Kijana ajuaye kuuchambua wimbo wa jandoni hudhani kwamba wimbo wa bendi ni kitu cha kuchezwa tu.

Hebu tutwae mfano mmoja wa hapa nyumbani. Just a Band ilianzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na ikajulikana zaidi kwa vijana wanne: Bill Sellanga, Daniel Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Ilikuwa bendi ya pop ya kujitegemea, yaani isiyosubiri kampuni kubwa iitengenezee sauti na sura. Vijana hao walitunga, wakarekodi na kubuni picha na video zao wenyewe. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2008, na ya pili, iitwayo "82", mwaka 2009.

Umaarufu mkubwa uliwajia mwaka 2010 kwa video ya wimbo "Ha-He", iliyokuwa na shujaa aitwaye Makmende. Kwa siku chache jina hilo lilienea kote katika intaneti. Watoto wa Nairobi walikuwa wakilitumia miaka mingi kabla ya hapo kumkejeli mtu ajifanyaye jabali. Inaelezwa kwamba lilitokana na maneno matatu ya Kiingereza aliyoyatamka Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983. Tazama jinsi masikio ya watoto yalivyoyafinyanga: maneno matatu yakawa moja, irabu mbili za mwisho zikawa moja, na sauti ya ng'ong'o ikapachikwa kabla ya "d" ili ipatikane "nd", sauti inayotamkika kwa wepesi mno katika lugha zetu za Kibantu. Bendi haikulibuni neno hilo, bali ilijua mahali pa kuliokota. Huo ni ufundi. Hata hivyo, aliyeijua bendi kwa Makmende peke yake alikuwa amemjua shujaa wa video, wala si muziki.

Aliyetaka kuipima kwa haki angaliisikiliza albamu iliyotangulia vurumai hiyo. Humo mna wimbo "Usinibore". Walezi wa Kiswahili sanifu wataguna, na sikatai kwamba neno hilo halifai katika insha. Lakini tulivunjevunje: u-si-ni-bor-e. Kiambishi cha nafsi kipo, cha ukanushi kipo, cha mtendwa kipo, na kiishio kimekaa panapostahili. Kitenzi cha Kiingereza kimeingia nyumbani mwetu kikavuliwa viatu mlangoni. Anayedai kwamba vijana hao hawana sarufi hajasikiliza vyema. Swali la haki zaidi ni kama wimbo una la kusema baada ya neno hilo kuacha kuchekesha.

Kisha lipo swali la jukwaa. Muziki wa Just a Band uliegemea sana midundo ya kompyuta, na kompyuta haitoki jasho. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, lilijiwekea sharti kwamba wasanii wapige muziki wao papo hapo, bila kufuatisha kanda. Sharti hilo ni mizani njema. Tuseme bendi ya aina hii imealikwa: msikilizaji ajiulize mapema ni nani atakayepiga ngoma, ni sauti ipi itakayoubeba wimbo mashine ikinyamaza, na ni kiitikio kipi ambacho umati utaweza kukipokea. Akipata majibu, atakuwa ameikadiria bendi. Asipoyapata, basi atakuwa amekadiria tangazo.

Huenda msomaji akauliza, kuna hasara gani kijana akiifuata bendi kwa sababu wenzake wameifuata? Ipo hasara. Mwaka 2016 tamasha hilo la Zanzibar halikufanyika kwa uhaba wa fedha. Majukwaa yanayowapokea wasanii wasio na kampuni kubwa ni machache na dhaifu, na nafasi moja ikipewa mwenye kelele, mwenye kipaji hubaki nyumbani. Bendi nazo hujifunza upesi. Zikigundua kwamba msikilizaji anahesabu watazamaji tu, zitatafuta watazamaji na kuuacha wimbo.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu wa Kiswahili. Kabla ya tamasha lijalo, teueni wimbo mmoja wa bendi changa. Uchezwe darasani mara tatu, pasipo picha na pasipo kutajwa jina la wenyewe. Kisha kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: nini kimesemwa, kimesemwaje, na kama angetoa nauli yake kwenda kukisikia tena.