Paa la Kuinuka na Usingizi wa Mfanyakazi

Wananchi wa Kigoma na Ujiji hawahitaji kufundishwa maana ya safari. Tangu zamani nchi yao imekuwa mwisho wa njia na mwanzo wa maji. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea miezi kadhaa ndipo ikaliona Ziwa Tanganyika, na Ujiji ndiyo iliyokuwa kituo chake kikuu. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Vitabu vya shule vilitukaririsha majina ya wageni hao wawili, bali majina ya wapagazi waliobeba hema zao havikututajia. Mpagazi aliichukua nyumba ya kitambaa begani kutwa nzima, jioni akaisimamisha, akaikaza kamba na kuipigilia mambo, kisha yeye mwenyewe akalala nje kando ya moto.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu nia yetu leo ni kuzungumza juu ya hema la namna nyingine, yaani hema linalofungwa juu ya gari.

Yako magari yenye mwili mrefu kama sanduku, hasa Toyota Hiace zile za paa la juu, ambazo sisi tumezizoea kwa kazi ya abiria. Gari la namna hiyo, likipata mwenyewe mwenye familia, laweza kugeuzwa kuwa nyumba ndogo ya safari. Viti hutolewa, kitanda kikawekwa nyuma, na kabati la vyombo ubavuni. Kitanda hicho chawatosha baba na mama. Lakini watoto walale wapi? Ndipo linapohitajika paa la kuinuka. Sehemu ya paa hukatwa, na mahali pake hufungwa kifuniko chenye bawaba na kuta za turubai. Gari likiwa njiani, kifuniko hulala na kufungwa kwa komeo. Likisimama, huinuliwa kwa msaada wa zile shokapu ndogo za gesi kama zinazoinua mlango wa nyuma wa gari, nayo turubai hukunjuka. Kisha juu hutandikwa ubao na godoro la nne kwa sita, na gari limepata ghorofa.

Maarifa haya si mageni duniani. Katika Uingereza kampuni ya Martin Walter ya mji wa Folkestone iliunda magari ya aina hiyo yaliyoitwa Dormobile katika miaka ya 1950. Katika Ujerumani, Westfalia ilianza kuyageuza magari ya Volkswagen kuwa ya kulalia mwaka 1951. Wala sisi wa Afrika Mashariki hatukuachwa nyuma kabisa. Mafundi wa Arusha na Nairobi kwa miaka mingi wamekuwa wakikata mapaa ya Land Cruiser na kuyatia vifuniko vya kuinuka, ili mtalii asimame amtazame simba bila kushuka chini. Mikono inayokata chuma hicho ni yetu. Lakini amalizapo kazi, fundi huyo hurudi nyumbani kwa daladala, na aghalabu wanawe hawajamwona simba ila katika picha. Katika jambo hili fundi wa leo na mpagazi wa zamani ni ndugu.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni anasa, na kwamba mfanyakazi wa nchi maskini hana haja ya gari lenye ghorofa. Hoja hiyo yafaa ijibiwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku 28 kwa mwaka. Likizo ni haki iliyopatikana kwa jasho, si zawadi ya tajiri. Lakini mwalimu wa Mwanga au karani wa bandari ya Kigoma mwenye watoto wanne, akitaka kuwaonyesha viboko wa Katavi, hana budi kupita Uvinza na Mpanda, na kila usiku kulipia vyumba viwili au vitatu vya nyumba ya wageni. Akipiga hesabu, hukaa nyumbani. Vivyo hivyo mfanyabiashara ndogo ndogo anayezunguka magulio ya Kasulu na Kibondo: hulala juu ya marobota yake, au chini ya meza ya sokoni, na mkewe na mtoto wakiwa pamoja naye. Je, mtu huyo akipata paa na chandarua, amepata anasa?

Ni kweli kwamba gari lina bei kubwa, na hatusemi kila mfanyakazi alinunue lake. Twasema kwamba gari moja la chama cha ushirika cha walimu au cha mabaharia, likitumiwa kwa zamu kila familia na juma lake, laweza kuwapumzisha wengi. Huko ndiko kujitegemea tulikofundishwa na Azimio la Arusha mwaka 1967.

Hata hivyo, wema wa nia hautoshi. Paa lililokatwa vibaya ni jeneza. Kwa hiyo twayataja mambo matano ambayo mwenye gari na fundi wake yawapasa kuyashika.

La kwanza ni mbavu. Paa la gari si mfuniko wa sufuria. Chini ya bati ziko mbavu za chuma zinazoushika ubavu wa kulia na wa kushoto, na gari likipinduka ndizo zinazosaidia lisibonyee juu ya vichwa vya watu. Fundi anayezikata mbavu hizo bila kuweka badala yake amelivunja gari mgongo, hata kama rangi inang'aa. Basi fremu ya bomba la mraba na itangulie, izunguke mahali patakapokatwa na kushikamana na nguzo za pembeni; ndipo grainda ifuate. Na ikiwa paa lile refu ni la faiba, fundi akumbuke kwamba faiba haichomelewi kama chuma. Fremu itafutiwe njia ya kushuka mpaka penye chuma cha mwili wa gari.

La pili ni uzito. Gari refu tangu asili huyumba kuliko gari fupi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake iko juu. Kilo 80 zilizowekwa darini si sawa na kilo 80 zilizowekwa chini ya kiti, maana zile za juu hulivuta gari kwenye kila kona, na upepo wa ubavuni huzisaidia. Kwa hiyo kifuniko kiwe chepesi, ubao wa kitanda uwe plaiwudi, na vitu vizito kama pipa la maji na betri vikae chini kabisa. Dereva naye apunguze mwendo, hasa katika miteremko ya Kasulu. Mtu yeyote asilale juu gari likienda, wala gari lisitoke hatua moja kabla komeo hazijakaguliwa. Kwa upande wa nguvu ya kitanda, watoto wawili wa kilo 35 ni kilo 70 kwenye mizani. Lakini fundi mwenye busara hukipa kitanda nguvu ya kubeba mara mbili yake, kwa sababu watoto hawalali kama magunia, bali huruka. Tena upande wa kushukia uwekwe kizuizi au wavu, asije mtoto akajikuta chini usiku wa manane.

La tatu ni maji na kutu. Masika ya Kigoma hayana huruma, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukingo wote wa kifuniko uwe na mpira usiokatika, nayo turubai ishonwe mishono miwili. Turubai iliyokunjwa ikiwa mbichi huoza. Basi hata kama safari imekwisha, paa liinuliwe jua likitoka mpaka kitambaa kikauke. Zaidi ya yote, kingo za chuma zilizokatwa zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku ile ile, kabla jua halijazama.

Juu ya jambo hili la kutu, Kigoma ina mwalimu wake. Meli iliyoitwa Graf von Götzen ilijengwa katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikaletwa kwa bahari na reli, na kuungwa upya Kigoma, ambako iliteremshwa majini Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani, walipoona wanashindwa vita, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo hiyo ilikuwa ingali yafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Ikiwa grisi iliweza kuihifadhi mitambo ndani ya maji kwa miaka ile, fundi wa gari hana udhuru wa kuacha ukingo mtupu upigwe na mvua, ati kopo la rangi ni ghali.

La nne ni hewa na moto, na hapa hatushauri, tunakataza. Usiku wa vilima vya Kasulu una baridi, na mzazi aweza kushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari ili watoto wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kidogo kilichofungwa, hewa hiyo huwaua waliolala bila hata kuwaamsha. Jiko lipikiwe nje, na libaki nje hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Turubai iwe na madirisha ya wavu yaachwayo wazi kwa ajili ya hewa, na watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa, kwa kuwa mkoa wa Kigoma ungali unasumbuliwa na malaria.

La tano ni sheria. Gari lililobadilishwa mwili si lile lililoandikwa katika kadi. Mwenye gari amwendee mkaguzi wa magari wa Polisi wa Usalama Barabarani pamoja na mchoro wa fundi kabla bati halijakatwa. Aiulize pia kampuni ya bima kama itaendelea kulikubali gari hilo. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kujitetea baada ya ajali.

Sasa, kazi hii itafanywa na nani? Twajibu bila kusita kwamba yaweza kufanywa na watu wa Kigoma wenyewe. Wako maseremala wa mitumbwi wa Ujiji na Kibirizi, wajuao kukunja ubao na kutia kalafati mpaka maji yakate tamaa. Wako washonaji wa maturubai, na wachomeleaji wa madirisha na mageti. Kinachokosekana ni kuwakutanisha, maana seremala peke yake hajui mbavu za gari, na mchomeleaji peke yake hajui kuzuia maji. Chuo cha VETA na ofisi ya SIDO vimo mkoani. Tunaviomba viwakutanishe mafundi hao chini ya dari moja, gari moja kuukuu litolewe la kujifunzia, na wakaguzi waitwe tangu siku ya kwanza ili waseme wazi ni fremu ipi inayokubalika. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kumngoja fundi kutoka Arusha ni kupeleka Arusha fedha ambazo zingeweza kulisha nyumba za Kigoma.

Nasi twaongeza sharti moja ambalo halimo katika sheria yoyote. Gari la kwanza likikamilika, mafundi waliolitengeneza wasilikabidhi kwa mwenyewe siku hiyo. Kwanza wao na watoto wao walale ndani yake usiku mmoja wa mvua. Tone likipenya, au ubao ukilia, wataamka na kusahihisha kosa. Na ikiwa watoto watalala mpaka alfajiri bila kulowa, hapo fundi atakuwa ameipima kazi yake kwa kipimo cha haki, na kwa mara moja atakuwa amelala ndani ya nyumba aliyoisimamisha kwa mikono yake.