Kufufua Ndege za Zamani (3): Herufi za Usajili

Juma lililopita tuliiacha ndege yetu imevishwa kitambaa kipya na kupakwa rangi. Imebaki kuandikwa usajili, kazi ambayo wengi huiharakisha, na matokeo yake huonekana tangu mbali.

Kwanza amua unataka ndege ionekane ya mwaka gani. Ndege za biashara za Marekani za miaka ya 1930 ziliandikwa NC kabla ya namba. Za majaribio zilipewa X. Ndiyo maana ndege ambayo Charles Lindbergh alivukia Atlantiki Mei 1927 inasomeka N-X-211 hadi leo katika makumbusho mjini Washington. Mwisho wa 1948 herufi hiyo ya pili iliondolewa, ikabaki N. Basi ndege yenye rangi za 1935 na N tupu inajipinga yenyewe, na hakuna sababu ya kuiacha hivyo: sheria ya Marekani inairuhusu ndege ndogo iliyotimiza miaka 30 kurudishiwa C yake.

Huku kwetu, ndege za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, zilibeba VP-K, na za Tanganyika VR-T. 5Y na 5H ni alama za baada ya uhuru. Ndege aina ya Moth ya enzi hizo ikiwekwa makumbusho na 5Y ubavuni, itampotosha kila mtoto atakayeitazama.

Umbo la herufi ndilo gumu zaidi. Fundi wa kiwandani hakuchagua mwandiko kwenye kompyuta. Alichora kwa rula na penseli, akakata pembe za C au 3 kwa mistari iliyonyooka, au akazizungusha, kwa desturi ya kiwanda chake. Kwa hiyo usitupe kitambaa cha zamani. Kitandaze, weka karatasi nyembamba juu yake, fuatisha kila ukingo, upime na unene wa mistari. Hakuna ushahidi unaoshinda huo.

Kitambaa kisipokuwepo, tafuta picha, ila usiziamini haraka kwa habari ya rangi. Filamu nyingi za zamani hazikuona mwanga mwekundu: nyekundu ilitoka karibu nyeusi, njano ikatiwa giza, buluu ikapauka. Nimeona bawa la njano likipakwa kahawia kwa sababu ya picha moja tu. Linganisha picha na mabaki ya rangi yaliyojificha chini ya vibao na kwenye maungio.

Mwisho, paka rangi, usibandike stika. Rangi hufuata nyuzi za kitambaa na utepe uliofunika mishono ya mbavu za bawa, lakini stika hupita juu yake kama daraja, na ukingo wake hunyanyuka.

Juma lijalo tutaingia chumba cha rubani, tuanze na saa za mafuta na mwinuko.